Mpira Uko Wapi?

Swali la kwanza limtokalo mtu wa kwetu, awe amezaliwa Kasulu penye migomba au Kibondo penye miyombo, atazamapo hoki ya barafuni kwa mara ya kwanza, ni hili: mpira uko wapi? Huwaona watu waliovaa mavazi manene kama waendao vitani, wakipita kasi pasipo kupiga hatua, wakigongana, wakigeuka na kurudi. Huona magongo yakiinuka na kushuka. Husikia hadhira ikipiga ukelele. Lakini kile kilicholeta ukelele huo hakukiona kikiondoka wala hakukiona kikifika. Aghalabu huinuka akaenda zake. Mimi nilibaki, na muradi wangu hapa ni kuusifu ufundi ulionizuia nisiondoke, nao si ule wa wachezaji, ambao umekwisha kusifiwa na wengi, bali ni ufundi wa mtazamaji, ambao naamini kuwa ni ufundi kamili, wenye uanagenzi wake, vifaa vyake na ustadi wake, kama ulivyo uhunzi au ususi wa vikapu.

Mchezo huu ulinifikia kwa njia ya simu. Kwa miaka kadhaa nilifundisha katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu, upande wa Makere, kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kongo; na miongoni mwa niliowafundisha alikuwako kijana mmoja, mwana wa watu wa Fizi, aliyezaliwa kambini na kukulia kambini, akacheza kandanda kwa mpira wa matambara kama watoto wenziwe, mpaka siku jamaa zake walipopata nafasi ya kuhamia Kanada wakapelekwa Winnipeg, mji ambao wakati wa baridi mito yake huganda hata watu hutembea juu yake. Salamu zake za kwanza zilikuwa za baridi tu. Mwaka wa pili zikabadilika. Akaanza kuniletea picha za mchezo, vipande vya dakika mbili tatu, kisha michezo mizima, na chini ya kila kimoja ameandika neno: "Mwalimu, tazama bega la huyu wa kushoto," au, "Mwalimu, achana na magongo, tazama miguu." Hivyo mwanafunzi wangu akawa mwalimu wangu, na sikumbuki katika maisha yangu kubadilishana nafasi kulikonipendeza zaidi.

Kwetu barafu ni kitu cha kulamba. Watoto wa Kasulu huinunua katika vifuko vya nailoni, imetiwa rangi na sukari, wakaifyonza mpaka hakuna kitu. Aina ya pili twaijua kwa hasara, nayo ni mvua ya mawe, inayoshuka juu ya vilima vya Heru Juu ikapasua majani ya migomba na kuyalaza maharage yaliyokwisha kuchanua. Barafu ya kuchezea ni ya tatu, nayo ni kazi ya mikono ya watu, wala mtu hawezi kuutazama mchezo kwa haki asipojua namna inavyofanywa. Ndani ya sakafu ya saruji hupitishwa mabomba, aghalabu yenye maji ya chumvi yaliyopozwa kupita kiasi cha kugandisha maji matamu, na juu ya sakafu hiyo hunyunyizwa maji, tabaka juu ya tabaka, hata unene ufikie sentimita 2 au 3 hivi. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na kila kimoja kimalizikapo, uso wa barafu umekwisha kuchanjwa na vyuma vya viatu, huingia gari zito lililobuniwa na Frank Zamboni huko California, ambaye alilikamilisha mwaka 1949, likakwangua uso ulioharibika na kumwaga nyuma yake maji ya moto. Naam, maji ya moto: kwa kuwa hayo huyeyusha kingo za michubuko kabla hayajaganda yenyewe, na barafu mpya ikashikamana na ya kale pasipo mshono. Kwa muda wa dakika chache uwanja huwa kama kioo kilichotoka kupanguswa, na taa zote za darini huonekana chini ya miguu.

Juu ya kioo hicho huangushwa kisahani cheusi cha mpira mgumu, ambacho wenyewe hukiita paki, chenye upana wa sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5, na uzito usiozidi gramu 170, tena hugandishwa kwanza katika jokofu ili kisidundedunde. Mpigaji hodari hukipeleka kwa kasi ipitayo kilomita 160 kwa saa, katika uwanja ambao kwa vipimo vya Marekani na Kanada una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, yaani haufiki robo ya uwanja wa kandanda, na ndani yake mna watu kumi na wawili, sita kwa sita, na lango la kulindwa lina kimo cha mita 1.22 tu, ambacho mtoto wa darasa la kwanza aweza kukishika juu kwa mkono. Basi anayeuliza mpira uko wapi hana kosa lolote. Jicho la mwanadamu halikuumbwa kukifuata kitu kidogo namna ile kiendacho mbio namna ile.

Jibu nililipata kwa baba yangu mdogo, ambaye ni mfuga nyuki wa Kibondo. Yeye hutundika mizinga ya magome katika miyombo na mininga, siku nzima ya mguu kutoka nyumbani, kwenye pori linaloelekea mabonde ya Moyowosi. Nilipokuwa mtoto alinichukua mara nyingi, na kazi iliyonishinda kwanza ilikuwa ile ya kutafuta makao ya nyuki wa mwitu. Tulikuwa tukikaa kimya karibu na maji wanapokunywa. Nyuki akishashiba huinuka, huzunguka mara moja au mbili, kisha hushika njia ya moja kwa moja kwenda kwao. Nami nilimkimbiza kwa macho, na kila mara nilimpoteza kabla hajafika kwenye mti wa kwanza. Baba mdogo hakumtazama nyuki hata kidogo. Alitazama uwazi ulio kati ya miti miwili dhidi ya jua, akangoja, na katika uwazi ule akaona cheche moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, zote zimepita pale pale. Akasimama, akatembea, na mara nyingi hatukuhitaji kukaa tena zaidi ya mara mbili kabla ya kuufikia mti wenyewe.

Mzee huyu alipokuja Kasulu kwa matibabu ya mgongo alikaa kwangu mwezi mzima, na jioni moja nikamwonyesha mchezo ulioletwa kutoka Winnipeg, bila kumweleza sheria yoyote. Kipindi cha kwanza chote hakusema neno. Katika cha pili, wakati wachezaji watano wa timu moja walikuwa wamezagaa mbele ya lango na mmoja wao amekishika kisahani pembeni, akaweka kidole kwenye kioo cha simu, juu ya mtu aliyesimama upande wa pili kabisa, ambaye hata mtangazaji hakuwa amemtaja. "Atampa huyu." Akampa, likawa bao. Nilimwuliza alijuaje, naye akanijibu kama mtu aulizwaye jambo lililo bayana: "Huyu mwenye kitu amekwisha kuangalia kule mara mbili."

Tangu jioni ile sijakitafuta kisahani tena. Nimejua kwamba hakionwi, husomwa: husomwa katika shingo iliyogeuka, katika goti lililokunjwa, katika mlinda lango aliyehama nusu hatua kwa sababu ambayo sisi hatujaiona bado, na zaidi ya yote katika ile nafasi tupu ambayo hakuna aliyeisimamia na ambayo mtu mmoja ameanza kuielekea. Sikustaajabu basi niliposoma kwamba Wayne Gretzky, aliyezaliwa Brantford mwaka 1961 na ambaye alipostaafu mwaka 1999 alikuwa amejikusanyia alama 2,857, jumla ambayo hakuna mwingine aliyeikaribia, alipokuwa mtoto alikaa mbele ya televisheni na karatasi aliyoichora uwanja, akaifuata njia ya kisahani kwa kalamu pasipo kuinamisha macho. Na mchezo ulipokwisha aliitazama karatasi akaona mahali gani wino umejaa na mahali gani umekosekana. Kabla hajawa mchezaji mkubwa kuliko wote, mtoto yule alikuwa mtazamaji, tena mtazamaji mwenye kalamu.

Mwanagenzi akishaacha kukikimbiza kisahani hupata wasaa wa kuona mengine, na hapo ndipo mchezo humfungulia hazina yake. Huona kwamba mchezaji hakai uwanjani zaidi ya sekunde 45 hivi, kwa sababu kazi ile humaliza pumzi, na kwamba wenziwe huingia mahali pake wakati mchezo unaendelea, wakiruka ukuta mfupi kama mbuzi warukao ua, hata timu nzima hubadilika mbele ya macho ya mtu asiyejua asitambue kuwa hawa si wale. Huona mstari wa buluu ukatao uwanja, ambao mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka kabla ya kisahani, na jinsi watu waliokuja kwa mbio zote hujizuia juu yake, miguu ikichezacheza ukingoni, mwili wote umeinama kwenda mbele ilhali kisigino kimoja kimebaki nyuma kikiulinda uhalali wao. Nami sijui katika mchezo mwingine wowote picha iliyo nzuri kama ile ya haraka na subira kukaa ndani ya mguu mmoja.

Lakini ninapopapenda kuliko pote ni pale timu inapoadhibiwa. Aliyekosa hutolewa akafungiwa kando kwa dakika 2, na wenziwe hubaki wanne dhidi ya watano. Wanne hawa hawakimbii huku na huku. Hujipanga kama miguu minne ya kigoda mbele ya mlinda lango wao, wakajikusanya na kutanuka pamoja kadiri kisahani kinavyozungushwa nje yao, kila mmoja amenyosha gongo lake barafuni kuziba njia ambayo huenda isipitwe. Na mmoja akipitwa, mwingine hujitupa chini akapokea kwa mbavu zake pigo lililokusudiwa lango, kisha huinuka, maana bado zimesalia sekunde arobaini. Hakuna bao litakaloandikwa kwa jina lake. Dakika mbili hizo zikitimia na hakuna kilichoingia, watazamaji wenye ujuzi husimama na kupiga makofi kwa jambo ambalo halikutokea, na mtu aliyeweza kulishangilia jambo lisilotokea, kwa kuwa ameona kwa macho yake gharama iliyolizuia, huyo amekwisha kufuzu.

Siupendi ugomvi wa ngumi ambao baadhi ya ligi zimeuvumilia miaka mingi, na wanaonambia kwamba ndio utamu wa mchezo sikubaliani nao. Kitu chenye akili nyingi namna hii hakihitaji kutiwa chumvi ya aina ile.

Fauka ya jicho, sikio nalo lina kazi. Huko Toronto Foster Hewitt alianza kutangaza hoki redioni mwaka 1923, na watu wa mashambani, ambao hawakupata kuuona uwanja wa ubingwa, wakajifunza kuutazama kwa masikio, kama sisi tulivyojifunza kandanda la Dar es Salaam tukiwa tumeizunguka redio moja chini ya mwembe. Kisahani kikigonga ukuta hutoa mlio mzito. Kikigonga mwamba wa lango hulia kama kengele, na kwa mlio huo uwanja wote huvuta pumzi mara moja. Na chuma cha kiatu kinachofunga breki hukwaruza mkwaruzo ambao, ukishauzoea, hukuambia kabla ya macho kwamba kuna mtu amebadili nia.

Katika wote waliopata kuingia uwanja wa barafu, namheshimu sana Willie O'Ree, Mkanada mweusi aliyeichezea Boston Bruins dhidi ya Montreal Canadiens tarehe 18 Januari 1958, akawa mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kupoteza karibu uwezo wake wote wa kuona, kwa kupigwa na kisahani alipokuwa bado katika ligi za vijana, naye aliificha siri hiyo, kwa sababu ingejulikana asingeruhusiwa. Fikiri basi: katika mchezo ambao mwenye macho mawili hulalamika kuwa haoni, yeye aliingia na moja, na kwa kuwa alicheza upande wa kushoto ilimpasa kugeuza kichwa chote apate kuona kilichokuwa kikitoka kulia kwake, na fauka ya hayo alikuwa akitukanwa kwa rangi yake kutoka majukwaani. Klabu yake iliistaafisha jezi nambari 22 kwa heshima yake mwaka 2022, mzee akiwa bado hai.

Narudi Winnipeg, maana huko ndiko ninakoelekeza moyo wangu. Mwaka ule ule wa 1996 ambao Nyarugusu ilifunguliwa, mji huo ulipoteza timu yake: Winnipeg Jets ilihamishiwa Phoenix, katika jangwa la Arizona, na watu wakakaa miaka 15 wakitazama timu za wengine, mpaka mwaka 2011 timu ya Atlanta ilipohamia kwao wakaipa jina lile la kale. Sithubutu kulinganisha msiba wa kupoteza nchi na huzuni ya kupoteza timu, wala kijana wangu asingeniruhusu. Lakini aliniambia jambo ambalo nimeliweka. Wana desturi iliyoanza mwaka 1987, kwamba katika siku za mtoano watazamaji wote, watu wapatao 15,000, huvaa nguo nyeupe. Naye alipopewa tikiti kwa mara ya kwanza na mwajiri wake, hakuwa na nguo nyeupe ila shati la kwaya la baba yake, lililoshonwa kambini, akalivaa. Akaketi karibu na mzee mmoja wa huko, ambaye hakumweleza lolote. Kila mzee yule alipoinuka kidogo kitini, jambo kubwa lilitokea muda mfupi baadaye. Kijana akaacha kutazama uwanja, akawa anamtazama mzee. Kisha akawa anainuka pamoja naye. Na katika kipindi cha tatu, asema, aliinuka kabla yake, mzee akamgeukia na kumtikisia kichwa. Hiyo ndiyo hati ya ufuzu ya ufundi huu, na haitolewi na shule.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wa theluji. Wasisahau kwamba gongo na mpira si wageni katika Afrika ya Mashariki: Wahabeshi hucheza genna wakati wa Krismasi yao tangu zama za kale, Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mpira wa magongo huko Barcelona mwaka 1971, na Tanzania yenyewe ilipeleka timu ya magongo katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Wala barafu haiko mbali kama tudhanivyo. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, kando ya barabara ya Mombasa, wa kwanza katika Afrika ya Mashariki, mdogo kuliko kipimo cha mashindano. Na juu ya barafu hiyo vijana wa Kenya, wengi wao hawajapata kuona theluji, walijifunza mpaka wakaunda timu wakaiita Kenya Ice Lions, wakaalikwa Kanada mwaka 2018, wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao ni katika mastadi wakubwa wa zama hizi. Na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Nimetazama picha za mazoezi yao mara nyingi. Uwanja ni mfinyu, ukuta u karibu, hakuna nafasi ya kukimbia sana, na kwa sababu hiyo pasi zao ni fupi na vichwa vyao vimeinuka daima. Mtu aliyejifunzia mahali pembamba hulazimika kuona mapema.

Mchezo uanzao Winnipeg saa moja jioni wakati wa baridi, kwetu huanza saa kumi alfajiri. Kwao ni theluji, kwetu ni mvua, na Kasulu hakuna wakati wenye utulivu kama ule, matone yakidondoka kutoka majani ya migomba na jogoo wa kwanza bado anasitasita. Baba mdogo, ambaye mgongo wake umepata nafuu na ambaye sasa huja kwangu msimu wa mvua pasipo kutafuta sababu ya ugonjwa, huamka kabla yangu akawasha jiko na kuweka kahawa ya Manyovu. Huiegemeza simu kwenye kopo la asali, akavuta kigoda. Kutoka upande ule wa dunia huja neno la kijana, sina budi kulisoma kwa sauti kwa kuwa mzee macho ya karibu yamemchoka: "Shikamoo baba, shikamoo Mwalimu. Leo mtazameni mlinzi mpya, nambari sitini na nne. Hana mbio, lakini hajapata kuwa mahali pasipo pake." Mzee huitikia marahaba, kana kwamba kijana yumo chumbani. Gari la maji limekwisha kutoka, barafu inang'aa, wawili wameinama wakitazamana, magongo yao yamegusa chini, na mwamuzi kati yao amenyosha mkono wenye kile kisahani, ambacho kwa nukta hiyo moja, kabla hajakiachia, kila mtu aweza kukiona.